Picha Safi na Maneno ya Jotham

Isongole,
Jumatatu, 6 Novemba 2023

Bwana Hasheem,

Salamu nakupa kwa sababu nimelelewa vizuri, si kwa sababu unastahili. Simu nimekupigia mara tatu. Mara mbili umekata, mara ya tatu amepokea Mama Nahla akasema uko msikitini, saa nne asubuhi. Kwa hiyo naandika, na barua atakuletea mke wangu akija sokoni na viazi. Barua haikatwi.

Jana nikitoka kanisani nilipita njia ya juu, kando ya shamba la jirani yangu Asajile. Mahindi yake ndiyo kwanza yanachomoza, na kunguru wa huku unawajua, wanafukua mbegu kama waliipanda wao. Nikaona ametundika vitu vinavyong'aa kwenye kamba, kutoka kona hadi kona. Nikasema moyoni, huyu bwana ana akili. Nikasogea. Kimoja kikageuzwa na upepo, nikasoma mwandiko wangu mwenyewe: "Imetafsiriwa na Jotham, Ibighi, 2009."

Kyala, Mungu wangu! Hasheem, nimetundikwa.

Nimezihesabu, ni diski kumi na tisa. Asajile akaniambia bila hata kupepesa macho kwamba ulimpa wewe, kwa mikono yako, na ukamshukuru kwa kukupunguzia takataka. Eti binti yako amekuletea za HD.

Miaka minane nimekaa juu ya kreti la soda katika banda lako la video, kipaza sauti mkononi, nikiwageuzia watu Kizungu kuwa Kiswahili, huku wewe fundi ukinirekodi. Nilisema kwa sauti ya mwanamume, ya mwanamke, ya mtoto na ya mbwa. Watu walitoka Kiwira kwa miguu. Unafikiri walifuata picha? Picha zetu zilikuwa kama zimepigwa ndani ya sufuria la uji. Walikuja kusikia. Leo nafukuza kunguru, tena nikiwa bubu.

Nijibu mambo mawili. Zimebaki ngapi, na ulikuwa unafikiri nini?

Sijakasirika. Nimekuchoka tu.

Jotham


Ibighi,
Jumatano, 8 Novemba 2023

Baba Tulia,

Viazi tumepokea na barua tumepokea. Viazi vilikuwa vizuri.

Zimebaki hamsini na tatu. Nilichokuwa nafikiri ni kabati. Kwa mvua za Tukuyu hizi, diski zimeota ukungu kama mkate. Ukiziweka kwenye deki zinakwama, zinarukaruka, farasi anakimbilia nyuma. Rahma aliniambia nichague, kabati au yeye, na mimi kwa umri huu sina pa kumpata mwingine atakayenivumilia.

Kazi ya Nahla huko Dar unaijua, anaandika maneno ya Kiswahili chini ya filamu za televisheni. Basi amenitafutia filamu kumi na mbili, zilezile tulizokuwa tukionyesha mimi na wewe, kwenye diski za HD. Akaziandikia Kiswahili mwenyewe, akanitumia pamoja na deki mpya. Nilibishana naye wiki nzima. Nilimwambia picha ni picha, mzee wa miaka sitini na minne anataka kuona vinyweleo vya watu vya nini? Kisha nikaweka ya kwanza. Jotham, nimeona mshono wa kofia. Nimeona jasho linavyoanza. Yule jambazi wetu mwenye jicho moja ana macho mawili! Lile jingine lilikuwa doa kwenye diski yetu, na wewe ukawaambia watu lilitobolewa na mwiba alipokuwa mtoto akichunga mbuzi. Bibi mmoja alilia.

Na hapo ndipo nakugeukia wewe. Nimekaa nikasoma yale maandishi ya chini kwa utulivu, deki ikisimama ninapotaka, na sasa naona nilivyokuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwenye ile ya treni ulisema wanakwenda msibani. Wanakwenda kuvunja benki! Kwenye ile ya matajiri, yule binti anayekaa mezani na mzee mwenye masharubu, ulituambia ni mtoto wa dada yake. Hapa imeandikwa ni mke wa mwanawe. Nimeanza kuorodhesha uongo wako kwenye daftari, na ukurasa wa kwanza umejaa kabla filamu ya pili haijaisha.

Nahla amecheka mpaka akakata simu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nakutambulisha kwa watu kama mtaalamu.

Niambie ukweli, mwenzangu. Kizungu ulikuwa unakijua?

Hasheem


Isongole,
Jumatatu, 13 Novemba 2023

Baba Nahla,

Nilikijua mpaka kidato cha pili. Baada ya hapo nilikijua kwa macho.

Lakini usinisomee orodha kama karani wa mahakama, wakati wewe mwenyewe ulikuwepo. Huyo binti na masharubu umemsahau? Nyinyi asili yenu pwani, mkwe na mkwewe mnakula sahani moja mkicheka. Huku kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mkamwana akisikia mkwe anakohoa njiani, anaingia migombani mpaka apite. Siku ile Mzee Hezron amekaa benchi la mbele, akina mama wamejaa nyuma, mara yule binti anajipinda mezani anamkabidhi baba mkwe chumvi, mkono kwa mkono! Hezron akavua kofia akaziba uso. Wanawake wakaanza kufunga kanga wainuke. Ningefanya nini, nisome sheria za Wazungu? Nikasema, "Mjomba, shika chumvi." Hezron akarudisha kofia kichwani, watu wakakaa. Nimekuokolea banda siku ile, na hukunipa hata pole.

Tena hujui shida niliyopata mbele ya safari, pale alipombusu mumewe, ambaye kwa hesabu yangu sasa alikuwa binamu. Ilinibidi niseme wamepata taarifa ya kifo.

Kutafsiri si kuandika maneno chini, mwambie Nahla. Kutafsiri ni kuangalia nani amekaa bandani.

Zile kumi na tisa nimezitungua zote. Asajile akataka badala yake, nikampa koti langu la harusi, amelivika mti. Mama Tulia hasemi na mimi tangu Ijumaa. Chakula anakiweka mezani anaondoka, na chumvi naifuata mwenyewe jikoni.

Sasa nina ombi, na hapa sitanii. Katika hizo diski zako kumi na mbili kuna ile ya ndugu wawili na kiwanda cha mbao. Usiiangalie. Iweke kando, mwambie Nahla ina mkwaruzo. Nyingine zote ziangalie, unicheke unavyotaka, ulete na daftari lako nitie sahihi. Ile moja niachie.

Jotham


Ibighi,
Jumatano, 22 Novemba 2023

Jotham,

Nimeiangalia. Ukimwambia mtu asifungue mlango, umemwambia kuna kitu ndani.

Nitakukumbusha mambo unayoyajua, kwa sababu nataka uyaone yakiwa yamepangwa kwenye karatasi. Mwaka 2005, kwenye matanga ya baba yetu, mdogo wangu Ahmadi alisimama mbele ya watu wote akasema, "Baba amekufa akikuita, wewe ulikuwa bandani unaonyesha filamu." Kisha akarudi Masukulu kwenye cherehani yake. Miaka sita sikusema naye. Na miaka hiyo sita sikumuuliza mtu yeyote kama ni kweli. Niliogopa jibu.

Ukaja mwaka 2011, tukaonyesha ile ya kiwanda cha mbao. Mimi niko kwenye mashine, wewe uko kwenye kreti. Yule ndugu mdogo akasimama katikati ya vumbi la mbao, na wewe hukusema kwa sauti yako ya siku zote, ulisema polepole: "Kaka, baba hakukuita. Alilala tu. Nilikusema vile kwa sababu nilikuwa peke yangu naye, nikaogopa. Nimekukosea mbele za watu." Nilishika meza. Asubuhi yake nikaenda Masukulu kwa mvua. Nikampa Ahmadi mkono, nikamwambia mimi mkubwa nimekosa kukaa kimya muda wote ule, anisamehe. Habari ya baba sikumuuliza. Nilisema moyoni filamu imeshanijibu, na Mwenyezi Mungu hashindwi kusema na mtu hata kwa kinywa cha Mzungu. Nilikueleza hayo hayo, na wewe ukaitikia, "Mungu ni mkubwa." Uliitikia, Jotham!

Sasa nimesoma anachosema. "Baba alikulaani mpaka pumzi ya mwisho, na mimi nilifurahi kusikia." Na anacheka. Kwenye diski yetu uso wake ulikuwa kama ugali, ndiyo maana uliweza kumtia mdomoni chochote unachotaka. Kwenye hii ya HD meno yanahesabika.

Basi ulinihurumia, ukanitungia. Mimi nikadhani ni ishara, kumbe ni wewe na kidato chako cha pili. Miaka kumi na miwili nimelala usingizi mzuri juu ya maneno ya mtu ambaye siku baba anakufa hakuwepo. Aliyekuwepo ni Ahmadi peke yake. Na kila Idi namwambia mbele ya watoto wake kwamba mimi mkubwa ndiye niliyejishusha nikaenda kwake, na yeye mpaka leo hajawahi kutamka samahani. Anatabasamu tu, anajaza chai.

Ijumaa baada ya swala naenda Masukulu kumuuliza. Akisema baba aliniita, sijui nitalibeba vipi jambo hilo. Akisema hakuniita, basi alinizulia mbele ya umma na amekaa nalo miaka kumi na minane bila kuomba radhi, na mimi mkono sitampa tena. Jibu lolote nitatoka nimepoteza, na aliyenifikisha hapo ni wewe.

Usinijibu.

Hasheem


Isongole,
Alhamisi, 23 Novemba 2023

Hasheem,

Nakujibu. Mama Tulia amenipa barua yako mchana huu, na hii naituma sasa hivi kwa bodaboda, nimemwambia dereva asiondoke mpaka akuone unafungua. Soma yote kabla hujaenda Masukulu. Navunja ahadi niliyoishika kwa miaka kumi na miwili, na nimekasirika kwamba umenilazimisha.

Maneno yale sikuyatunga mimi. Wewe unanijua, mimi natunga mjomba na chumvi, mwiba na mbuzi. Maneno kama yale ningeyatoa wapi?

Wiki moja kabla ya ile filamu, Ahmadi alikuja hapa kwangu. Alikuja na utepe wa kupimia shingoni, eti amekuja kurekebisha suruali aliyonishonea. Suruali ilikuwa haina kasoro. Akaipimapima, akaikunja, akaikunjua, kisha akaanza kusema. Alisema amekufuata mara mbili akuombe radhi. Mara ya kwanza ulimfungia mlango wa banda. Mara ya pili Mama Nahla akamwambia uko msikitini. Wakati huo pia ulikuwa msikitini!

Nikamwambia tuite wazee, tukae chumbani, myamalize. Akakataa. Akasema, "Nilimvunjia heshima mbele za watu. Nikimwomba radhi chumbani ni kama nimeiba. Nataka wale wale wasikie." Nikamuuliza, utawakusanyaje? Akasema, "Wewe unawakusanya kila Jumamosi. Na kaka mimi hanisikilizi, lakini filamu anaisikiliza mpaka mwisho."

Ndipo tukachagua ile ya mbao, kwa sababu ina ndugu wawili. Maneno akayasema yeye, mimi nikayaandika nyuma ya kalenda ya kanisa. Akanisikiliza nikiyarudia mpaka akaridhika. Neno moja alinisahihisha. Mimi nilikuwa nimeongeza "nikaogopa kifo," nikadhani linapendeza. Akasema hapana, acha "nikaogopa," basi.

Siku yenyewe alikuwepo. Alisimama nje, nyuma ya banda, sikio kwenye mbao, mvua inamnyea. Alipoyasikia yamesemwa akaondoka hapo hapo, filamu haijaisha, akarudi Masukulu. Alisema isije ukamfuata ukamkosa nyumbani. Asubuhi ukamfuata.

Baada ya hapo nilimwambia, sasa mweleze. Akasema, acha. Nikamwambia tena mwaka uliofuata, baada ya kukusikia unavyomsimanga. Akasema, acha, baba Tulia, umeahidi. Basi nikaacha, nikawa natafuna ulimi kila Idi, huku wewe ukila pilau ya mtu na kumkumbusha ulivyojishusha. Mara nyingine nilitamani nikumwagie mchuzi.

Ile diski yetu ya kiwanda cha mbao ilikuwa miongoni mwa zile za shambani. Nimeijaribu leo kwa deki ya Tulia, haisomi. Jua na kamba vimeimaliza. Sina kitu cha kukuonyesha, una neno langu tu, na najua daftari lako linasemaje kuhusu neno langu.

Lakini hili si tafsiri. Baba yako hakukuita, Hasheem. Alilala. Na aliyetangulia kuomba radhi si wewe.

Jotham


Ibighi,
Jumatatu, 27 Novemba 2023

Baba Tulia,

Dereva wako alisimama mlangoni kama askari mpaka nikamaliza kusoma, na alipoona sura yangu akanipa pole bila kujua ya nini.

Barua yako niliisoma mara nne, nikaamini nusu. Unisamehe, lakini mtu aliyegeuza wizi wa benki kuwa msiba haaminiki kwa siku moja. Ijumaa nikaenda Masukulu, sikumuuliza Ahmadi chochote. Nilimwambia tu Nahla ameleta deki mpya, twende Ibighi ukaone. Akafunika cherehani tukaja.

Rahma akatuwekea chai. Ahmadi alishangaa ile picha kama nilivyoshangaa mimi, akanionyesha koti la mtu mmoja akasema mkono wa kushoto umeshonwa vibaya. Hilo tusingeliona na zile za zamani. Nahla ameniuliza kama HD zina faida, na nimemwambia kwa macho zina faida sana, asisite kuleta nyingine. Lakini hizi hamsini na tatu hazitoki kabatini, Rahma apende asipende, na zile ulizotungua uzirudishe.

Tulipofika kwenye kiwanda cha mbao, nikapunguza sauti mpaka mwisho. Yule mdogo akasimama, akafungua mdomo anacheka, maneno ya Nahla yakatokea chini. Ahmadi hakuyasoma. Alikuwa anaangalia mikono yake. Akaanza kusema, polepole kama ulivyosema wewe, "Kaka, baba hakukuita." Akayasema yote, hakuacha hata moja. Alipofika "nikaogopa" hakuongeza kitu, mzee wa miaka hamsini na minane, akaendelea mpaka "mbele za watu." Mzungu alikuwa ameshatoka zamani kwenye picha.

Nililia, nakwambia bila kuficha. Kisha nikakasirika. Nikamgombeza, Jotham, nikamgombeza vibaya mpaka Rahma akatoka jikoni. Nikamwambia kila Idi nakusimanga mbele ya watoto wako, unanitazama, una jibu mfukoni, unanijazia chai! Mara moja tu ungenijibu, ningenyamaza maisha. Kwa nini hukunijibu?

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. Akasema, "Kaka, siku ile uliingia kwangu umelowa mpaka kofia, na ulikuwa umefurahi mno kuwa wa kwanza kuomba radhi."

Nikamwambia anywe chai, inapoa.

Hasheem